Saa Iliyogoma

Kiingilio ni shilingi mia mbili,
hamsini kwa wazee wenye kitambulisho.
Nikatoa kitambulisho.
Karani hakusoma jina.

Nyumba imepakwa rangi ya maziwa.
Enzi zetu ilikuwa rangi ya mvua ya Woodley,
udongo mweusi umerukia kuta hadi madirishani,
na bati la jikoni likipiga kelele
hata kwa manyunyu.
Sasa kamba nyekundu imetoka mlango hadi mlango,
na kibao: Tafadhali Usiguse.

Kijana Munyao anatuongoza,
shati limenyooshwa, maneno yamekaririwa.
"Hapa ndipo Mheshimiwa Elkana Mwasaru
alipowaandikia barua wafanyakazi wa reli.
Hii ndiyo miwani yake. Hiki ndicho kiti."

Sicho.
Chake kilikuwa na mguu uliofungwa waya,
ukikaa vibaya unaondoka na suruali iliyochanika.
Lakini nani atalipa kiingilio
aje kutazama waya?

Watoto wa shule, sweta za kijani,
wanaandika kila kitu,
hata kibao cha kuelekea chooni.
(Choo chenyewe ndicho chumba chetu cha nyuma.
Pale penye sinki palikuwa na kitanda changu.)

Jikoni, sufuria za Shangazi Malemba
zimesuguliwa hadi zimesahau moshi.
"Vyombo vya Nyumbani, Miaka ya Sitini."
Basi. Kana kwamba ugali ulijisonga.

Kisha sebuleni Munyao anashusha sauti:
"Na hii, wageni wetu, ndiyo saa
iliyosimama yenyewe
saa kumi na dakika saba alasiri,
dakika ile ile habari ya kifo chake ilipoingia."

Mwalimu akavua kofia.
Msichana mmoja akaacha kuandika.

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilipanda stuli kufuta vumbi,
nikataka kumwona anayegonga ndani.
Ikanianguka kama papai lililoiva mno.
Shangazi alishakamata mwiko
Mheshimiwa alipotoka kunyoa,
povu shavu moja,
akaiokota, akaitikisa,
akaitegea sikio kama daktari.
"Malemba, weka huo mwiko.
Saa haikuvunjika. Imegoma.
Na mimi, kati ya watu wote wa nchi hii,
siwezi kuvunja mgomo."

Akaitundika palepale.
Miaka minne ikaning'inia na saa kumi na dakika saba zake,
na kila mgeni aliyeuliza wakati
aliambiwa: subiri kidogo,
bado hawajaelewana na mwajiri.

Habari yenyewe ilikuja asubuhi.
Redio ya jirani, juu ya ukuta.
Uji ulikuwa mekoni, haukusimama,
ulifurika ukazima moto.
Shangazi alikaa chini sakafuni, miguu mbele,
kisha akainuka akawasha tena,
akaongeza maji, akaongeza unga,
kwa sababu watu wangekuja,
na watu wanaolia hushikwa na njaa.
Hilo halina kibao.

"Kuna swali?" anauliza Munyao.
Nikainua mkono. Yule msichana akageuka.
Ulimi wangu ulikuwa na ukweli mzima,
stuli, papai, povu, mwiko.
Nikamtazama kijana na shati lake la pasi,
mshahara wake sijui unalipwa tarehe ngapi.

"Hii saa," nikasema, "mna mpango wa kuitengeneza?"
"Hapana, mama. Hairuhusiwi."
"Vizuri," nikasema. "Msikubali."

Mlangoni kuna kitabu cha wageni,
kalamu imefungwa kwa uzi isitoroke.
Penye Jina nikaandika: Malemba.
Penye Umetoka Wapi: jikoni.
Penye Maoni
kalamu ikagoma.

Sikuitikisa.